Faili Liko Meza ya Nani? Kungoja Kibali cha Ukaazi cha Mwenza Ujerumani

Jibu la ubalozi kwa barua pepe huwa fupi: ombi lenu limepokelewa, linashughulikiwa, msiulize tena mpaka mtakapoitwa. Aliyeko Mombasa hulisoma mara kumi akitafuta neno lililofichika. Aliyeko Bremen humpelekea rafiki anayejua Kijerumani zaidi, naye humwambia hakuna kilichofichika. Hapo wengine hukata tamaa, wengine huanza kupiga simu kila siku, na faili halisogei kwa lolote kati ya hayo.

Cha kujua ni faili liko meza ya nani. Ombi la mume au mke kumfuata mwenzake Ujerumani huanzia ubalozini, hutumwa kwa Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni ya mji anaoishi mwenza, pengine hupitia kwa mhakiki wa hati, ndipo hurudi ubalozini kubandikiwa viza. Mgeni akishafika, foleni nyingine huanza kwenye ile ile ofisi ya wageni, safari hii ya kadi ya ukaazi yenyewe. Kila meza ina namna yake ya kuchelewa na dawa yake.

Muda wa kwanza hupotea kabla hata ya kuomba, nao ni wa lugha. Sheria inataka mwenza awe na Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa. Mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kufaulu ni pointi 60 kati ya 100. Hufanyika Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, na Nairobi na Dar es Salaam zote zina tawi. Nafasi huisha haraka, basi shika nafasi ya mtihani siku ile ile unayoanza kozi. Wapo wasiodaiwa cheti hiki: mwenza wa mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, yaani kibali cha kazi cha wataalamu wenye elimu ya juu, kwa mfano, na mzazi anayekwenda kuishi na mtoto wake mdogo mwenye uraia wa Ujerumani. Mtoto wa namna hiyo akizaliwa katikati ya kungoja, andikeni haraka, kwa sababu msingi wa ombi umebadilika. Na mwaka 2012 Mahakama ya Shirikisho ya Utawala iliamua kwamba mwenza wa raia wa Ujerumani aliyejitahidi mwaka mzima akashindwa asifungiwe mlango kwa ajili ya cheti hicho. Lakini juhudi ni lazima zionekane kwenye karatasi: risiti za kozi, mahudhurio, hata matokeo ya mitihani uliyofeli. Usiyachane kwa hasira.

Kisha majina. Hapa ndipo maombi ya watu wetu yanapokwama kuliko popote. Sisi tunabeba jina letu, la baba na la babu. Fomu ya Kijerumani inataka jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Pasipoti imemfanya babu kuwa ukoo. Cheti cha ndoa kimeandikwa majina mawili tu, kwa sababu aliyefungisha ndoa aliona yanatosha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, pasipoti Khadija. Baba ni Salim huku na Salum kule, Mohamed hapa na Muhammad pale. Kwetu huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeshtuka. Karani wa Ujerumani anaona watu wawili, na kazi yake ni kusimamisha faili mpaka aelezwe.

Chukua pasipoti kuwa kipimo, zipange hati zote mezani na usome herufi kwa herufi: majina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi. Kilichopishana kikarekebishwe kilikotoka. Kwa Tanzania Bara vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa viko RITA, wakala wa usajili wa serikali, kwa Zanzibar ni wakala wa matukio ya kijamii, kwa Kenya ni ofisi za usajili za serikali. Kiapo cha mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja kinasaidia, ila ni kiraka, na kiraka huulizwa maswali. Mwezi mmoja wa kurekebisha cheti nyumbani ni nafuu kuliko miezi sita ya kujibu barua za Ujerumani.

Ndoa nayo iwe imesajiliwa na serikali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 na ile ya Kenya ya 2014 zinatambua ndoa za dini na za mila, lakini ubalozi hausomi picha za harusi wala daftari la mahari, unasoma cheti cha usajili. Cheti kikisema ndoa ni ya wake wengi au inaweza kuwa ya wake wengi, kama inavyokuwa kwa ndoa nyingi za Kiislamu, ambatisha maelezo na uthibitisho kwamba hakuna mke mwingine, maana Ujerumani haitoi kibali kwa mke wa pili ikiwa mwingine tayari anaishi huko na mume. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, itafutwe hukumu ya talaka ya mahakama. Barua ya baraza la usuluhishi si talaka, ingawa ukoo mzima umeshaikubali.

Wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo wana meza ya ziada. Ujerumani iliacha kuhalalisha hati za nchi hizo kwa mhuri wa kawaida, kwa hiyo ofisi ikitilia shaka huomba hati zihakikiwe mahali zilipotolewa. Ubalozi humtuma wakili au mchunguzi wake mpaka kwenye daftari la usajili, shuleni, na wakati mwingine kwa majirani. Utajaza dodoso lenye majina na simu za wazazi, ndugu na shule ulizosoma, pamoja na maelekezo ya kufika nyumbani. Gharama ni mamia ya yuro na hulipwa mbele. Muda hesabu kwa miezi.

Uhakiki huchelewa kwa sababu ndogo ndogo. Simu ya mjomba imezimwa. Shule imebadilishwa jina. Mama kaulizwa binti yake aliolewa mwezi gani akajibu kwa kalenda ya mavuno. Basi kabla ya kurudisha dodoso, piga kila namba uliyoiandika, mwambie mwenye simu kwamba huenda akaja mtu kuuliza, na kwamba aseme anachokijua na akikosa aseme hajui. Usimfundishe majibu. Majibu ya kukariri yanafanana mno, na mchunguzi aliyezoea kazi huyanusa mapema. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa ukubwani kiende na vya kukitegemeza: cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule ya msingi.

Tangu Januari 2025 maombi ya viza za muda mrefu yanaweza kuanzishwa mtandaoni kwenye lango la huduma za kibalozi la Ujerumani. Faida yake ni kwamba kilichopungua huonekana kabla hujapanda basi la usiku kwenda mji mkuu. Bado utaitwa ana kwa ana kutoa alama za vidole, kuonyesha hati halisi na, isipokuwa mwenza wako ni raia wa Ujerumani, kulipa yuro 75 kwa pesa za nyumbani. Siku hiyo toa na barua ya uwakilishi, Wajerumani wanaiita Vollmacht, inayomruhusu mwenza aliyeko Ujerumani kuuliza na kujibu kwa niaba yako. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja husahaulika sana, na bila hiyo mwenza hujibiwa kwamba hawawezi kumweleza habari za mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mkewe.

Ubalozi ukimaliza kupokea, faili huvuka bahari, na hapo kazi humwangukia aliyeko Ujerumani. Wengi hukosea papo hapo: hukaa wakingoja ubalozi, kumbe ofisi ya mji wao imeshaandika barua ya kutaka nyaraka. Kama mwenza ni mgeni mwenye kibali, ofisi kwa kawaida itataka hati za mshahara za miezi ya karibuni, mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba na bima ya afya. Ukubwa wa nyumba, pale unapodaiwa, hupimwa kwa kipimo cha mita za mraba 12 kwa kila aliyezidi miaka 6 na 10 kwa mtoto aliye chini ya hapo. Raia wa Ujerumani kwa kawaida habanwi kipato kwa ukali huo, ila ataulizwa.

Mambo mawili hurudisha faili nyuma katikati ya safari. La kwanza ni kuhama mji. Ukitoka Kassel kwenda Hamburg, ofisi yenye mamlaka imebadilika, na karani mpya huanza kusoma upya. La pili ni kubadili kazi, kwa sababu miezi ya majaribio, ambayo kawaida ni 6, huwafanya makarani wengi wasite kusema kipato ni cha kudumu. Maisha hayasimami kwa ajili ya faili, ila kama jambo linaweza kungoja miezi mitatu, lingoje. Na kama haliwezi, wewe uwe wa kwanza kuwaarifu.

Angalia pia sanduku la barua, na sitanii. Tarishi wa Ujerumani hufuata jina lililobandikwa kwenye sanduku. Anayeishi kwa rafiki ambaye jina lake tu ndilo lililopo, barua za ofisi hurudishwa zilikotoka, na kwenye faili huandikwa kwamba muhusika hakujibu.

Ofisi ikishuku kuwa ndoa ni ya karatasi, huwahoji wote wawili kwa wakati mmoja, huyu ubalozini na yule Ujerumani, kwa maswali yale yale. Mlikutanaje, nani alikuja harusini, mahari ilikuwa nini, mnazungumza lugha gani, mwenzako anaingia kazini saa ngapi, ana ndugu wangapi. Kupishana kidogo hakuui ombi, kwani hata waliooana miaka 20 hawakumbuki harusi kwa namna moja. Kinachoua ni kuficha: mtoto wa nje, ndoa ya zamani, viza iliyowahi kukataliwa. Yawekeni mezani tangu fomu ya kwanza.

Miezi ya ukimya ndiyo mirefu. Saa 2 asubuhi ya Ujerumani ni saa 3 ya Nairobi wakati wa kiangazi na saa 4 wakati wa baridi, kwa hiyo kila siku ya kazi mtu wa Afrika Mashariki hushinda na simu mkononi. Nyumbani mashangazi wanauliza, "Bado tu?" na jirani anatamka lile ambalo wenye ndoa hawataki kulisikia, kwamba huenda huko ameshapata mwingine. Aliyeko Ujerumani naye analipa kodi ya nyumba ya watu wawili akiishi peke yake, kwa sababu akihamia chumba kimoja ombi linaweza kuanguka. Ugomvi wa simu wakati huu mara nyingi ni ugomvi na karani ambaye hamumwoni. Panga pesa za mwaka mzima wa namna hii, hata kama mmeambiwa miezi mitatu. Na aliyeko nyumbani asiache kazi wala kuuza vitu vya biashara yake mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti. Wengi wameuza cherehani na friji mwezi wa pili, wakazihitaji mwezi wa nane.

Kuuliza kuna adabu yake. Andika mara moja kila wiki 6 hadi 8, kwa maandishi, ukitaja namba ya faili, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe uliyowasilisha ombi. Usiulize "lini itakuwa tayari", maana jibu lake unalijua. Uliza: "Wurde die Ausländerbehörde bereits beteiligt, und wann?" Yaani, je, ofisi ya wageni imeshashirikishwa, na lini? Ubalozi ukitaja tarehe, peleka swali lako la pili kwa ofisi ya mji: je, faili limefika, kuna hati inayokosekana, na mmeshatoa idhini? Ofisi ya mji ikisema ilijibu tarehe fulani, rudi ubalozini na tarehe hiyo. Mara nyingi faili huwa limekwama kati ya meza hizi mbili, kila mmoja akidhani zamu ni ya mwenzake, na barua mbili zenye tarehe hulikwamua. Simu haiachi alama. Ukipiga, tuma barua pepe siku hiyo hiyo: leo saa fulani niliambiwa hivi.

Kosa lingine la miezi hii ni kuomba viza ya matembezi "ili tu tuonane Krismasi". Ofisa ana faili linalosema unataka kuhamia Ujerumani, na viza ya matembezi inamtaka aamini kwamba utarudi. Kwa kawaida hukataliwa, na katazo hilo utaulizwa baadaye. Kama uwezo upo, aliyeko Ujerumani ndiye asafiri, na atunze tiketi na picha, kwa sababu nazo ni ushahidi wa ndoa hai.

Miezi mitatu ikipita tangu ombi kamili kuwasilishwa, sheria ya mahakama za utawala, kifungu cha 75, inakuruhusu kuishtaki ofisi kwa kukaa kimya. Kesi hiyo huitwa Untätigkeitsklage. Ya viza hufunguliwa Mahakama ya Utawala ya Berlin dhidi ya serikali ya shirikisho. Ya kadi ya ukaazi hufunguliwa mahakama ya utawala ya eneo unaloishi. Kwa hatua ya kwanza si lazima kuwa na wakili. Ada ya mahakama hutangulizwa na ni kama yuro 500. Ofisi ikitoa uamuzi baada ya kushtakiwa, na ulikuwa na haki ya kuutarajia mapema, gharama huangukia ofisi. Mara nyingi mambo huishia hapo bila jaji kusikiliza lolote, kwa sababu faili lililoitwa mahakamani huchukuliwa juu ya rundo.

Lakini kesi si fimbo ya kila mtu. Kama hati yako moja inakosekana, au uhakiki bado unaendelea, ofisi ina sababu ya kutosha ya kuchelewa, na utakuwa umelipia kuambiwa ungoje. Na kama ombi lenyewe ni dhaifu, kesi italeta jibu haraka, nalo litakuwa hapana. Kwanza andika barua ya mwisho yenye siku 14, ukisema ombi lilikamilika tarehe fulani na kwamba usipojibiwa utakwenda mahakamani. Barua hiyo peke yake imefungua mafaili mengi. Wasiotaka mahakama wana njia ya malalamiko kwa kamati ya bunge, Bundestag (bunge la shirikisho) kwa mambo ya ubalozi na bunge la jimbo kwa ofisi ya mji. Ni bure, ila haina haraka.

Viza ikikataliwa, usifuate ushauri wa zamani. Zamani uliweza kuandika barua ubalozini kuomba wafikirie upya. Utaratibu huo ulifutwa kuanzia 1 Julai 2025. Sasa ni kufungua kesi Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea uamuzi, au kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichosemwa. Kama sababu ni hati iliyopungua, kuomba upya huwa nafuu. Kama wanasema ndoa si ya kweli, tafuta wakili wa sheria za wageni wiki hiyo hiyo, kwa sababu ombi jipya litasomwa kwa jicho lile lile.

Viza ikitoka, watu hupika pilau, na wana haki. Lakini hesabu mpya imeshaanza. Ndani ya wiki 2 tangu kuhamia lazima ujisajili makazi kwa barua ya mwenye nyumba, na jina lako liende kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo. Kisha omba kadi ya ukaazi kabla viza haijaisha. Kwenye miji mikubwa miadi inaweza kuwa mbele ya tarehe ya mwisho ya viza yako, na hilo si kosa, mradi ombi liwe limepelekwa kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo nawe una uthibitisho. Ombi likiwahi, haki za viza zinaendelea, pamoja na haki ya kufanya kazi ambayo mwenza anayo tangu siku ya kwanza.

Omba basi karatasi inayothibitisha hivyo, Fiktionsbescheinigung, kwa yuro 13. Mwajiri ataitaka, na benki pia. Soma kisanduku kilichotiwa alama: kikiwa cha kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi, unaweza kutoka Ujerumani na kurudi, kikiwa cha aya ya 3, ukitoka hurudi kwa karatasi hiyo. Msiba hautangazi tarehe, na wapo waliopanda ndege kwenda kuzika mzazi bila kusoma kisanduku hicho, wakabaki nje wakianza viza upya. Karani akikosea alama, mwambie hapo hapo kwamba uliingia kwa viza ya kitaifa, yaani ya muda mrefu, na uliomba kabla haijaisha.

Kadi huchapishwa Berlin na huchukua wiki kadhaa, ada yake ni yuro 100. Ukiitwa kuichukua, usiitie mfukoni na kuondoka. Soma jina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, na upande wa maelezo pawe na maneno Erwerbstätigkeit erlaubt, kwamba kazi inaruhusiwa. Ukiona Hadija mahali pa Khadija, sema ukiwa bado dirishani.